Maua ya zafarani yanayotupwa

(Muziki wa kipindi. Unashushwa polepole.)

Haya ni mazungumzo yetu ya afya.

Kwa wiki tatu sasa sanduku la maswali limekuwa likituletea karatasi za jambo lile lile. Nawasomea moja kama ilivyoandikwa: “Dada wa redio, kuna sauti inazunguka kwenye simu. Inasema kule wanakolima zafarani wanatupa maua yake, kumbe hayo maua yanaponya presha, sukari na mawazo mengi. Sasa yamefika hapa sokoni, ni unga. Ni kweli? Tununue?”

Nitajibu. Lakini kwanza mjue anayewajibu ni nani. Mimi si daktari. Nimemaliza sekondari, nasoma kila ninachokipata, na maandishi haya muuguzi ameyapitia kabla sijakaa mbele ya maikrofoni. Jambo la pili ni kwamba swali hili lilifika nyumbani kwetu kabla halijafika kwenye sanduku.

Mama yangu mdogo ana presha. Ndiye aliyenilea tangu tulipovuka mpaka. Kila mwezi huenda kuchukua vidonge, na ameshavimeza miaka minne. Mnajua kazi yake ilivyo: unatoka asubuhi, unapanga foleni, na siku nyingine unaambiwa dawa zimekwisha, rudi wiki ijayo. Basi siku moja ya soko mtu akamwonyesha kichupa chenye karatasi iliyochorwa ua la zambarau. Akamwambia, “Mama, hii ni maua ya zafarani. Hakuna kemikali ndani. Ukimaliza vichupa viwili, vidonge utavitupa.” Bei, shilingi 15,000. Mama mdogo aliuza maharage ya mgao, akalipa.

Akawa anakoroga kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Hakutuambia. Vidonge vyake alivificha kwenye kopo, eti akiba. Usiku wa siku ya 16 akaniamsha: kichwa kinapasuka, macho yanaona ukungu. Tulimpeleka kwa pikipiki ya jirani, mimi nimemshikilia kwa nyuma. Mashine ilisoma 210 kwa 120. Muuguzi aliuliza swali moja tu: “Mama, vidonge unameza?” Mama mdogo akatazama ukuta.

Alitibiwa, akapata nafuu, leo yuko nyumbani. Na ni yeye aliyeniambia, “Mwanangu, kaseme redioni. Jina langu uliache.” Nimeliacha.

Sasa twende kwenye ua lenyewe, maana sikutaka kusimama hapa niseme tu “ni uongo” kisha niende zangu. Nilitafuta. Na nilichokikuta si uongo mtupu, ndiyo sababu kinahitaji kuelezwa kwa utulivu.

(Mdundo mfupi.)

Wengi wetu tuliotoka bara, zafarani tunaijua kwa jina. Watu wa pwani, wa Mombasa na Unguja, huitia kwenye biriani ya harusi. Waomani huitia kwenye haluwa. Tena huko pwani wapo walimu wanaoandika aya kwenye sahani kwa wino wa zafarani, wakaiosha kwa maji, mgonjwa akanywa. Hiyo huitwa kombe. Kwa hiyo mtu akikuambia zafarani ina heshima yake kwenye dawa za kale, hajasema uongo.

Kiungo chenyewe ni nyuzi nyekundu. Hutoka ndani ya ua dogo la zambarau linalochanua karibu na ardhi. Ua moja lina petali sita, yaani yale majani ya rangi, lina stameni tatu za njano zenye chavua, na katikati nyuzi nyekundu tatu. Tatu tu! Mmea huu hautoi mbegu. Hupandwa kwa kitunguu chake cha chini ya udongo, na unataka kiangazi kikavu na majira ya baridi ya kweli. Kwa hiyo msinitumie karatasi kuniuliza mbegu zinapatikana wapi.

Sehemu kubwa kabisa ya zafarani ya dunia, karibu tisa katika kila kumi, hulimwa Iran, hasa upande wa mashariki katika nchi ya Khorasan. Inalimwa pia Kashmir, Afghanistan, La Mancha kule Hispania, Kozani kule Ugiriki, na Taliouine kule Moroko. Kwa Iran maua huchanua mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kwa wiki chache. Wavunaji hutoka gizani, maana jua likishalifungua ua, linanyauka upesi na nyuzi zinaharibika. Wanainama mstari kwa mstari, wanachuma kwa mkono, wanajaza vikapu. Kisha hukaa kuzunguka rundo la maua, mara nyingi wanawake, wanazitoa zile nyuzi tatu tatu kwa vidole. Ili upate gramu 1 ya nyuzi kavu unahitaji kama maua 150. Kilo moja ni maua 150,000 na zaidi. Ndiyo maana kilo moja huuzwa kwa maelfu ya dola.

Hebu fikirini lile rundo linalobaki. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za uzito wa ua ni takataka kwa mwenye zafarani. Watafiti wa Hispania wamekadiria kwamba kilo 1 ya kiungo huacha nyuma yake zaidi ya kilo 60 za mabaki mabichi: petali, stameni na vikonyo. Vinanyauka siku hiyo hiyo. Vingine hupewa mifugo, vingine hugeuzwa mbolea, vingine huachwa vikaoza ukingoni mwa shamba.

Nisimame kidogo hapa Afghanistan, kwa sababu nilipoisoma habari hii niliiweka kalamu chini. Vita vilipoanza kule mwaka 1979, Waafghani kwa mamilioni walikimbia, wengi wakaingia Iran. Baadhi yao walipata vibarua kwenye mashamba ya zafarani ya Khorasan. Walichuma maua ya watu wengine. Lakini macho yao yalikuwa wazi: waliona kitunguu kinapandwa kina gani, maji yanatolewa lini, nyuzi zinakaushwaje. Miaka ya 1990 baadhi yao waliporudi mkoa wa Herat, wilaya ya Ghoryan, walikuja na vile vitunguu na ile elimu. Leo Herat inajulikana kwa zafarani yake, na wanawake wengi wa huko huipata riziki yao ya msimu kwa kazi ya kuchambua nyuzi. Walikuwa wakimbizi kama sisi. Sina la kuongeza hapo.

(Mdundo mfupi.)

Haya, ndani ya petali mna nini?

Ile rangi ya zambarau inatokana na vitu viitwavyo anthosayanini. Kile kilicho kingi kwenye petali za zafarani ni cha jamii ya delphinidini. Kuna na kitu kingine kiitwacho kampferoli, nacho kimo kwa wingi. Vyote hivi huwekwa kwenye kundi la antioksidanti. Neno gumu, nalifungua. Kata biringanya, liache mezani. Baada ya muda nyama yake nyeupe inageuka kahawia, kwa sababu hewa imeanza kuifanyia kazi. Lipake limau, litachelewa kugeuka. Basi hata ndani ya miili yetu kuna kazi ya namna hiyo ambayo, ikizidi, huchangia kuchakaza mishipa na viungo. Antioksidanti ni vitu vinavyoweza kuichelewesha kazi hiyo. Watafiti wa Iran na wa Hispania wamezipima petali maabara, wakaona nguvu hiyo wanayo. Hilo ni kweli, sitalificha.

Lakini chupa ya maabara si tumbo la mtu. Kitu kinaweza kung’aa kwenye chupa, ukikila kikavunjwavunjwa na tumbo, kikapita. Kwa hiyo swali linalofuata ni: je, watu wamewahi kupewa petali hizi wakapimwa?

Wamewahi, na hapa ndipo ile sauti ya kwenye simu ilipookota neno. Mwaka 2006 kule Tehran madaktari waliwachukua watu wazima 40 wenye sonona. Sonona ni ule ugonjwa wa huzuni ambao sisi tunauita “mawazo mengi”, mtu hali, halali, hana hamu na kitu. Hawa walikuwa na ile nyepesi na ya kati. Nusu walipewa vidonge vya petali za zafarani, miligramu 30 kwa siku. Nusu walipewa vidonge vinavyofanana navyo lakini vitupu, visivyo na dawa. Wagonjwa hawakujua nani kapewa nini, na madaktari waliowapima hawakujua. Baada ya wiki 6, waliomeza petali walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Mwaka 2007 wakafanya tena, wagonjwa 40 wengine, wiki 8, safari hii petali zikashindanishwa na dawa ya hospitali iitwayo fluoxetini. Nafuu zikakaribiana.

Mimi niliposoma nilifurahi. Kisha nikarudia kusoma polepole kama mwalimu alivyotufundisha. Watu 40. Wiki 6, wiki 8. Wenye ugonjwa mwepesi na wa kati, walio chini ya jicho la daktari. Miligramu 30 zilizopimwa kwa mizani ya dawa, si kijiko cha chai. Ukimwuliza mtafiti mwenyewe, atakuambia ni mwanzo mzuri, tuendelee. Muuzaji sokoni anachukua “mwanzo mzuri” anaubandika kwenye kichupa kama “inaponya”. Kati ya maneno hayo mawili ndimo mama yangu mdogo alimotumbukia.

Na presha je? Mwaka 2003 watafiti wa Iran walichapisha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka petali yaliishusha presha ya panya. Panya waliolazwa usingizi, maabara. Kuhusu sukari nako, petali zimejaribiwa zaidi kwa panya. Hayo ni mambo ya kusomwa na kuendelezwa. Ila mimi nimekaa na mtu wa nyumbani kwetu usiku wa manane mashine inasoma 210, nami nawaambia: presha ya panya aliyelala na presha ya mama aliyebeba ndoo na kulala na hofu si kitu kimoja.

Kuna watu watasema, “Basi dada wa redio anatetea kemikali za wazungu.” Hapana. Mmea unaweza kuwa dawa kubwa. Ile dawa ya malaria tunayopewa kituoni, yenye artemether, asili yake ni jani. Ni mmea wa Artemisia annua, ndugu wa pakanga, uliotumiwa na Wachina tangu zamani. Mama mmoja mtafiti wa China, Tu Youyou, na wenzake walikitoa kile kinachoua malaria ndani yake mwaka 1972, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobeli. Lakini angalieni njia iliyopita: jani lilikamuliwa, likapimwa kwa wanyama, kisha kwa watu, tena kwa watu wengi, ikajulikana kiasi gani kinaponya na kiasi gani kinaumiza. Petali za zafarani ziko mwanzoni mwa njia hiyo. Huenda zitafika. Leo hazijafika.

(Mdundo mfupi.)

Sasa nirudi kwenye kile kichupa. Mama mdogo alitaka kukitupa, nikamwomba anipe. Shuleni, mwalimu wetu wa kemia hakuwa na vifaa, alikuwa na ua la haibiskasi na limau. Alituonyesha kwamba maji ya ua jekundu au la zambarau hubadilika rangi: ukitia limau yanakuwa mekundu au ya waridi, ukitia maji ya majivu yanaelekea kijani au bluu. Ni zile anthosayanini ndizo zinazofanya hivyo. Nikawaza, kama kweli huu ni unga wa petali za zambarau, utatii sheria hiyo hiyo.

Nikaweka unga kidogo kwenye kikombe cha maji. Maji yakawa manjano, hapo hapo. Nikatia limau. Yakabaki manjano. Nikachukua kikombe cha pili, nikatia maji ya majivu ya jikoni. Yakageuka mekundu ya udongo, kama damu kuukuu. Wasikilizaji, hiyo ni tabia ya manjano, yale manjano ya mchuzi, ambayo wengine huyaita binzari. Harufu nayo ilikuwa ile ile.

Sisemi vichupa vyote viko hivyo. Hata hiki changu, najua kilikuwa na manjano. Sijui kilikuwa na nini kingine, na jiko langu si maabara. Lakini mama wa watu aliuza mgao wake kwa manjano ya pishi.

Na hata nyuzi zenyewe huigizwa, kwa vile ni ghali. Wengine hupaka rangi nywele za mahindi, wengine huuza maua ya mmea mwingine wenye rangi ya chungwa. Ukiletewa nyuzi, weka mbili kwenye maji. Zafarani ya kweli hutoa rangi ya dhahabu taratibu, dakika kadhaa, na uzi unabaki mwekundu. Ya kughushi aghalabu humwaga rangi yote mara moja na uzi unabaki mweupe.

Hatari kubwa zaidi kuliko kudanganywa pesa ni hizi, naomba mzisikilize hata kama chungu kiko motoni.

Mama mjamzito asinywe zafarani kama dawa. Chembe ndogo kwenye wali wa sherehe si tatizo, ila ikiwa nyingi inaweza kusumbua mfuko wa uzazi. Kwa mtu yeyote, vitabu vya dawa hutaja gramu 5 za nyuzi na kwenda juu kuwa ni sumu. Kijiko kilichojaa unga usiojulikana, mara mbili kwa siku, hakina mtu anayekipimia. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, au dawa za sonona, asichanganye na kitu hiki bila kumwambia daktari wake.

Tena kuna ua lingine la zambarau linalofanana sana na zafarani, wataalamu huliita Colchicum. Hilo ni sumu ya kuua, na waliolichuma kwa makosa huko Ulaya wamewahi kufa. Njia moja ya kulitambua likiwa bichi ni kuhesabu stameni: zafarani ina tatu, hilo lina sita. Likishasagwa kuwa unga, utahesabu nini?

(Mdundo mfupi.)

Mzee mmoja alinisikia nikijiandaa akaniuliza, “Sasa binti, umetunyima ua, unatupa nini?” Swali zuri, mzee, na jibu liko jikoni.

Delphinidini, ile ya kwenye petali, ndiyo jamii ya rangi iliyomo kwenye ganda la biringanya. Lile ganda jeusi la zambarau ambalo wengi wetu tunalimenya na kulitupa jalalani! Tunawashangaa watu wa Khorasan kwa kutupa petali, na sisi tunafanya hivyo hivyo kila jioni. Osha biringanya vizuri, lipike na ganda lake. Maua mekundu ya rozela, wengine huita choya, ambayo watu huchemsha kuwa juisi, nayo yana rangi ya jamii hiyo hiyo. Na kampferoli imo kwa wingi kwenye sukuma wiki. Ukiwa na kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, au gunia la udongo tu, unaweza kuwa navyo. Mbegu za biringanya haziletwi na ndege.

Lakini sitaki nami niwe muuzaji wa kichupa. Sijasema ganda la biringanya litaponya presha. Ni chakula chema, kinamsaidia mtu ambaye sahani yake ni ugali na maharage kila siku. Mwenye presha ataendelea na vidonge vyake. Juisi ya choya ikinywewa sana huweza kuishusha presha kidogo, kwa hiyo hata hiyo, mwenye vidonge amwambie muuguzi anainywa.

Vidonge vikikosekana kituoni usikae kimya ukatafuta kichupa. Mwambie mhudumu wa afya wa mtaa wako siku hiyo hiyo, aandike. Wakati mwingine kituo cha jirani wanavyo. Usiache ghafla kwa hiari yako, na usigawane vidonge na jirani kwa sababu tu naye ana presha. Dawa za presha ni za aina nyingi. Na ukiona kichwa kinauma kwa namna usiyoizoea, macho yanatia ukungu, upande mmoja wa mwili unalegea, ulimi unakuwa mzito, huo ni usiku wa kumgongea jirani mwenye pikipiki. Hata kama mna ugomvi.

Na wewe uliyeiandikia redio kuhusu mawazo mengi. Karatasi yako nimeisoma mara tatu. Sikuisoma hewani, kama ulivyoomba. Ulisema ulitaka kununua unga kwa sababu hapa hakuna mtu wa kumwambia, na kwa sababu ukienda kituoni watu watasema umekuwa mwendawazimu. Nilichojifunza kutoka kwa wale wagonjwa wa Tehran ni hiki: wote 80, waliopewa petali, waliopewa fluoxetini, na hata waliopewa kidonge kitupu, kila baada ya muda walikaa mbele ya mtu aliyewauliza, “Umelalaje? Umekula? Unawaza nini?” Mtu wa namna hiyo yupo hapa. Mshauri wa kituo chetu hukaa chumba cha mwisho, mlango wa nyuma, na Jumanne na Alhamisi hapapangwi foleni ya mbele. Ukisema tu “nimetumwa na redio,” hutaulizwa zaidi mlangoni. Nimekubaliana nao. Na kama mawazo yanakuambia ujidhuru, usingoje Jumanne.

Kwa yule aliyekuwa akiuza vichupa: sikutaji, na sijui kama wewe mwenyewe ulijua kilichomo. Labda nawe uliuziwa. Njoo tuzungumze, kikombe cha maji ya majivu nitakuandalia.

Kipimo cha presha kwa watu wazima ni Jumatano, chini ya mwembe wa kanisa la zamani, kuanzia saa 3 asubuhi. Hakuna malipo. Chukueni kadi zenu, na kama mnameza kitu kingine chochote, kileteni ndani ya mfuko kama kilivyo. Muuguzi amesema hatamgombeza mtu.

Mama mdogo atakuwapo. Wiki iliyopita alisoma 146 kwa 90, bado si vizuri, lakini si 210. Kile kichupa ameking’ang’ania, hakutaka nikitupe, eti ni cha kioo kizuri. Amekiosha, ametoa ile karatasi ya ua, na sasa anakitilia chumvi. Na anavyoimwaga hiyo chumvi kwenye sombe, hayo tutagombana wiki ijayo, saa hii hii.

(Muziki wa kipindi unapanda.)